Rangi Iwe ya Mwisho: Kufufua Gari Kuukuu la Zimamoto

Ukiliona gari la zimamoto la zamani limekaa juu ya matofali nyuma ya karakana, majani yameliota hadi dirishani, kitu cha kwanza kinachokujia akilini ni rangi. Unaliona tayari jekundu, linang'aa, kengele imewekwa juu, watoto wamelizunguka. Sisi tulianza na wazo hilo hilo na likatugharimu mwaka mzima. Tulipiga rangi kwanza. Baadaye tukagundua kwamba ukuta wa chuma ulio kati ya injini na miguu ya dereva umeoza, tukalazimika kung'oa madigadi zote mbili, rangi ikabanduka vipande vipande. Kibaya zaidi, msasa wetu ulikuwa umeshafuta herufi za dhahabu za mwenye gari wa kwanza, na herufi hizo hazirudi tena.

Sisi ni watu saba hapa Jinja, na hakuna anayelipwa. Tunakutana Jumamosi kwenye banda la mabati, kila mtu na chai yake kwenye flaski. Lugha ya banda ni Kiswahili, na sababu inaeleweka: zimamoto ya Uganda iko chini ya polisi, na Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi za polisi tangu enzi za wakoloni. Mzee wetu wa pampu alitumikia huko hadi akastaafu. Sisi wengine tumekulia mtaa wa Walukuba hapa hapa mjini, ambako watoto wa kila kabila walichezea lugha hiyo moja.

Ninayoandika hapa ni ya watu kama sisi, wenye gari moja, zana chache na hamu kubwa. Kumbukeni jambo moja tu kazi nzima: gari la zimamoto ni pampu iliyowekewa magurudumu. Kama halirushi maji, mmefufua sanduku jekundu.

Anzeni na gari dogo

Mkiwa na nafasi ya kuchagua, chukueni Land Rover kabla ya lori. Letu ni Series IIA ya chesisi ndefu, petroli, silinda nne, injini ya cc 2,286. Pampu iko nyuma na inazungushwa na PTO, yaani mhimili unaochukua nguvu ya injini kutoka kwenye giaboksi. Bodi yake ni ya aluminiamu, mtu mmoja anaweza kubeba mlango, na vipuri vingi bado vinapatikana ukizunguka soko la vipuri la Kisekka pale Kampala kwa subira. Lori kama Bedford ni zuri mno, lakini linataka winchi, jeki kubwa, na pesa ambazo kikundi cha kujitolea hakina katika mwaka wake wa kwanza.

Hatua ya 1: Karatasi

Hapa sitakaa sana. Gari la serikali lililobodiwa, yaani lililoondolewa kazini, haliuzwi na mlinzi wa geti, hata akikuapia. Mali ya umma inauzwa kwa utaratibu wa sheria ya PPDA (ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma) ya mwaka 2003, kwa tangazo na risiti. Gari la shamba la chai au la kiwanda, dai barua ya mwenye mali. Soma namba ya chesisi na namba ya injini kwa macho yako, zilinganishe na kadi ya gari, zipige picha. Kisha lihamisheni haraka. Wanunuzi wa skrepa hawalali, na chuma cha Land Rover kikishaingia kwenye tanuru kinatoka kikiwa nondo.

Hatua ya 2: Wazee kabla ya spana

Kabla hamjalegeza nati hata moja, pigeni picha: kila upande, chini, ndani ya makabati ya vifaa, kila waya mahali unapoingia, kila bomba mahali linapopinda. Zikifika mia mbili si nyingi. Kila kinachong'olewa kiingie kwenye mfuko pamoja na kikadi kilichoandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu za dukani hufutika ukiguswa na oili, penseli haifutiki.

Halafu mtafuteni mtu aliyelitumia gari hilo, au lililofanana nalo. Hatua hii watu wengi huiruka, na kwangu mimi ndiyo nusu ya kazi yote.

Siku tuliyomleta mzee wetu mara ya kwanza, hakuitazama injini. Alizunguka moja kwa moja hadi nyuma, akasimama mbele ya pampu, akaweka kidole gumba juu ya wenzo mdogo wa shaba unaoongeza mwendo wa injini. Wenzo ule wote ulikuwa mweusi kwa uchafu, isipokuwa sehemu moja upande wa kushoto, ndogo kama ukucha, iliyokuwa laini na yenye kung'aa. Kidole chake kiliingia pale pale.

"Afande," nikamwuliza, "huyu aliyekuwa anaitumia alikuwa wa mkono wa kushoto?"

"Hapana, kijana wangu. Mwenye pampu haitazami pampu. Anasimama ubavu, anawatazama wenzake walioshika mpira kule mbele. Mkono wa kulia unabaki huru kupokea ishara na kuzijibu. Wa kushoto ndio unaoongeza na kupunguza."

Mimi nilikuwa nimeshika msasa mkononi. Kama asingekuja siku ile, ile alama ingeondoka kwa dakika mbili. Wenzo huo mpaka leo hatujaupaka rangi wala kuung'arisha. Tunaupangusa kwa kitambaa chenye oili kidogo, basi.

Waulizeni wazee maswali ya mikono: ulisimama wapi, nani alikaa wapi, kitu gani kilikuwa kinaharibika kila mara, mlifungaje ngazi, ishara ya "ongeza maji" ilikuwaje na ya "funga" je. Rekodini kwa simu. Maswali ya "eleza historia ya zimamoto" huwafanya waongee kama wako kwenye hafla. Ukimpa mtu kipande cha kifaa mkononi, atakumbuka mwenyewe.

Hatua ya 3: Msiliwashe

Kila fundi atakayepita bandani atasema, "Lete betri tujaribu." Mkatalieni kwa heshima. Injini iliyolala miaka ina kutu kwenye kuta za silinda, na ringi za pistoni zimeshikana nazo. Ukiizungusha kwa nguvu ya stata unavunja ringi ambazo zingepona kwa mafuta na subira.

Toeni plagi zote nne. Mimina ndani ya kila silinda vijiko vichache vya mchanganyiko wa dizeli na mafuta ya giaboksi ya otomatiki. Funika matundu kwa kitambaa safi, kisha msubiri wiki nzima mkiongeza kidogo kila siku mbili. Baada ya hapo ingizeni hendeli ya kuzungushia injini mbele, gia ikiwa huru, na mjaribu kwa mkono mmoja taratibu, mkienda na kurudi robo ya inchi. Siku ya tatu ya kujaribu, yetu ilitoa mlio kama mlango wa zamani, ikazunguka.

Shika hendeli huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke fimbo. Siku injini itakapokuwa na moto inaweza kurudisha teke, na teke hilo huvunja kifundo cha mkono. Zoeeni kuishika hivyo tangu leo.

Neno kuhusu spana. Magari haya ya Kiingereza yana nati za inchi, na kwenye pampu mara nyingi ni Whitworth, kipimo cha zamani cha Kiingereza chenye spana zake. Spana ya milimita inayokaribia kutosha itakula kona za nati hadi iwe mviringo, kisha mtaanza kutumia patasi. Seti ya Whitworth tuliipata kwa mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli. Njia ya reli ilivuka Mto Naili hapa Jinja na kufika Kampala mwaka 1931, na zana za enzi zile bado zimo kwenye masanduku ya mbao chini ya vitanda vya watu. Ulizeni.

Hatua ya 4: Breki na magurudumu

Gari litaanza kusogezwa bandani kabla injini haijawaka, kwa hiyo breki zinatangulia. Land Rover ya umri huu ina ngoma magurudumu yote manne na njia moja tu ya maji ya breki. Bomba moja likipasuka, hakuna breki kabisa. Badilisheni silinda ndogo zote, mabomba ya mpira yote, na mastasilinda. Usitengeneze nusu ukaacha nusu kwa sababu "hii bado inaonekana nzuri". Mkumbuke pia kwamba tangi la maji la letu linabeba lita 180, yaani kilo 180 zinazosukuma mgongoni kila unapokanyaga breki.

Mafuta ya injini yasiguse mpira wa breki hata tone, kwani huufanya uvimbe na kuziba. Vumbi lililo ndani ya ngoma lisipulizwe kwa mdomo wala kwa kompresa. Bitana za breki za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huingia mapafuni likakaa humo. Lowesha kwa maji yenye sabuni, pangusa kwa kitambaa, funga kitambaa hicho kwenye mifuko miwili ya plastiki na uandike juu yake.

Kwa wenye malori: mengi yana rimu za vipande, zenye pete ya chuma inayoshikilia tairi. Pete hiyo ikiruka wakati tairi ina upepo huua mtu. Toeni upepo wote kwa kung'oa sindano iliyo ndani ya valvu kabla ya kulegeza nati yoyote, na kujaza kufanyike ndani ya kizimba cha chuma kwa fundi wa tairi anayezijua. Kazi hii sisi hatuifanyi wenyewe, tunampelekea fundi.

Hatua ya 5: Chesisi na bodi

Chesisi ya Land Rover ni boksi la chuma, na ndani ya boksi hukaa udongo wa barabara za murram uliolowana mvua baada ya mvua. Kwa nje utaiona nzima. Chukua nyundo ndogo, uigonge kila kiganja kimoja, ukisikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kama boksi la karatasi. Angalieni hasa mkono wa nyuma kabisa unaobeba pampu, na mikono ya pembeni chini ya milango.

Aluminiamu haina kutu, lakini mahali inapogusana na chuma, unyevu ukiwepo, huliwa ikawa unga mweupe. Kila mnaporudisha bodi juu ya chuma, wekeni rangi ya msingi yenye zinki na kipande chembamba cha mpira katikati.

Kabla ya kuchomelea, toeni betri na tangi la petroli kabisa. Wekeni ndoo ya mchanga na gunia lililoloweshwa karibu, na mtu mmoja abaki akitazama kwa nusu saa baada ya cheche ya mwisho. Tangi la petroli lenyewe msilichomelee kamwe, hata kama limekaa tupu miaka kumi. Mvuke hubaki kwenye mikunjo ya bati na kulipuka. Tafuteni jingine.

Malori yenye fremu za mbao ndani ya kabini ni habari nyingine. Waingereza walitumia mti wa ash, ambao hapa haupo. Mvule unafaa, mchwa hawaupendi, ila umekuwa adimu. Msishawishike na musizi kwa sababu ni rahisi. Ni mlaini mno kushika skrubu za bawaba.

Hatua ya 6: Injini, umeme na petroli

Kabureta ifunguliwe yote, iloweshwe, ipulizwe. Petroli ya zamani hugeuka gundi ya rangi ya asali na kuziba vitundu. Nafasi ya pointi za distributa iwe kati ya milimita 0.35 na 0.40, ya valvu iwe milimita 0.25, na mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Oili ya 20W-50 inatosha. Kama injini inatoa moshi mweusi kidogo, msikimbilie kuifungua: Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa Uingereza hutoa petroli nyingi kidogo hapa.

Umeme una mtego wake. Hadi miaka ya 1960 magari mengi ya Kiingereza, Land Rover ikiwemo, yalifungwa chanya kwenye bodi, kinyume na tulivyozoea. Fundi kijana ataunganisha hasi kwenye bodi bila kufikiri. Fuateni nyaya za zamani, msome kibao kama kipo, kisha mchore mshale kwa rangi kwenye sanduku la betri ili mwingine asikosee.

Halafu kuna madini ya risasi. Injini hizi zilizaliwa na petroli yenye risasi, ambayo ilikuwa ikilinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 ikawa imeondoka. Ni jambo jema kwa watoto wetu. Kwa gari linalowashwa saa moja kwa mwezi hatari ni ndogo, ila pimeni nafasi za valvu kila mwaka. Zikianza kupungua ujue viti vinazama, na hapo kichwa cha injini kiende kwa fundi wa mashine kiwekewe viti vigumu.

Hatua ya 7: Pampu

Sasa tumefika. Tulieni hapa, tumieni miezi kama inabidi.

Kwanza fungueni kila koki na kila mdomo mtazame ndani kwa tochi. Kwetu nyigu wa matope walikuwa wamejenga ndani ya mdomo wa kutolea maji hadi umejaa kama tofali. Toeni matope kwa kijiti cha mianzi, msitumie bisibisi. Zungusheni mhimili kwa mkono. Usikie kama kuna kukwaruza. Jazeni oili au grisi mahali pake.

Mhimili unapoingia kwenye pampu kuna kamba ya grafiti iliyozungushwa na kukazwa kwa nati mbili. Vijana wakiona maji yanadondoka pale wanakaza. Acheni! Kamba hiyo inapozwa na maji yale yale. Kaza mpaka liwe tone moja moja, taratibu, pampu ikiwa kazini. Ikikauka kabisa, mhimili unaungua na kuchimbika, na mhimili mpya hauuzwi dukani.

Pampu ya aina hii hainyonyi maji yenyewe. Kuna kifaa cha kutoa hewa kwanza, tunakiita praima. Nyingi za wakati ule hutumia moshi wa ekzosi kuvuta hewa hiyo. Jaribio la kwanza ni kavu. Fungeni midomo yote ya kutolea, wekeni kifuniko kwenye mdomo wa kunyonya, mvute hewa kwa praima, mtazame geji. Sindano ikishuka kwenye upande wa uvutaji, fungeni praima, mzime, mhesabu dakika moja. Ikibaki ilipo au ikirudi kidogo tu, pampu ni nzima. Ikirudi mbio, kuna tundu. Paka povu zito la sabuni kwenye kila kiungo huku mkivuta tena. Mahali povu linapomezwa ndipo penye ugonjwa. Kwetu palikuwa kwenye pete ya mpira ya kifuniko chenyewe, kitu cha shilingi chache, baada ya kuhangaika Jumamosi tatu.

Msikate tamaa kama sindano haifiki pale kitabu cha Kiingereza kinaposema. Wao wanapima wakiwa karibu na usawa wa bahari, ambako hewa inaweza kusukuma maji hadi mita 10.3 kwa hesabu. Hapa Jinja hesabu hiyo inaishia kama mita 9, na kwa pampu ya umri huu kikomo cha busara ni mita 6 kutoka maji hadi pampu. Mzee wetu alilijua hilo kwa mwili wake: "Tukienda kazini milimani, nilikuwa nasogeza gari karibu na maji kuliko tulivyofundishwa."

Jaribio la maji lianzie kwenye pipa lililo wazi kando ya gari. Likifaulu, ndipo mwende ziwani. Kichujio cha mpira wa kunyonya kizame kwa kina cha angalau mara tatu ya upana wa mpira huo, la sivyo kitavuta hewa kwa kimbunga kidogo juu ya maji. Gugu maji litaziba matundu dakika mbili za kwanza, kwa hiyo kivisheni kichujio kikapu. Hata zimamoto za Uingereza zilitumia vikapu vya kusuka kwa kazi hii. Sisi tulimpa mama mmoja msukaji vipimo, akatusukia kimoja cha kufaa kuliko vyote tulivyoona pichani. Na asiingie mtu majini miguu mitupu. Kichocho kipo kwenye kingo za ziwa hili. Vaeni gambuti, mshushe kichujio kwa kamba.

Maji yakishafika, fungua mdomo wa kutolea polepole, ongeza mwendo wa injini polepole. Pampu yetu ingeweza kwenda juu zaidi, lakini tumekubaliana tusizidi paundi 50 kwa inchi ya mraba. Ukisikia kama kokoto zinazunguka ndani ya pampu, unadai maji kuliko yanavyoingia, punguza. Angalia joto la injini pia: gari lililosimama halina upepo, na mengi ya magari haya yana koili ndogo inayoleta maji ya pampu kusaidia radieta. Koili hiyo huwa imeziba na chokaa na hakuna anayeikumbuka.

Siku yetu ya kwanza ziwani, mpira ulitikisika, ukatema hewa, ukatema matope mekundu, kisha ukanyooka. Nilimtazama mzee. Alikuwa amesimama ubavu, kidole gumba kwenye wenzo, anawatazama vijana wawili walioshika mpira, mkono wa kulia juu. Hakuna aliyemwambia asimame hivyo.

Hatua ya 8: Vifaa

Mipira ya turubai ya zamani ni ya kuonyeshwa; msiipitishie maji ya presha, hupasuka na kichwa chake cha chuma hupiga kama rungu. Vichwa vya Kiingereza vya inchi mbili na nusu bado vinatengenezwa, hivyo nunueni mpira mpya mfunge vichwa vya aina hiyo. Ngazi za mbao asipande mtu, hata mwembamba.

Kengele ya shaba: limau na chumvi vitaing'arisha mara moja, kisha itabaki na madoa ya waridi kwa sababu asidi imenyonya zinki. Tumieni dawa ya shaba ya dukani na kitambaa laini, na msisugue juu ya maandishi.

Kizimio kidogo cha shaba chenye mpini wa kusukuma, kama kile cha Pyrene, kikiwa bado na kimiminika ndani msikijaribu. Kinaweza kuwa na kaboni tetrakloridi, sumu kwa ini, na kwenye moto hutoa gesi ya fosijini. Vivyo hivyo blanketi jeupe la kuzimia moto la enzi zile: chukulieni kuwa ni asbesto, lilowesheni, lifungeni kwenye plastiki nzito, lionyesheni nyuma ya kioo.

Hatua ya 9: Sasa rangi

Tafuteni sehemu iliyofichwa, nyuma ya kibao au chini ya bawaba, msugue kwa msasa wa maji namba 1000 mduara mmoja mdogo. Rangi zitajitokeza kama pete za mti, moja ndani ya nyingine. Pigeni picha mkiwa juani. Hiyo ndiyo rekodi ya gari, na duara moja liachwe wazi daima, lisipakwe. Rangi za zamani zina risasi, kwa hiyo msasa uwe wa maji tu, barakoa iwe usoni, na nguo za kazi zisiende nyumbani kwa watoto.

Aluminiamu inataka rangi ya msingi maalumu inayouma bati, la sivyo nyekundu itabanduka kama ngozi ya viazi. Juu yake tunatumia enameli kwa brashi. Rangi za kupuliza zenye kigandishi zinapendeza, lakini mvuke wake huharibu mapafu bila barakoa ya hewa ya bomba, na hatuna. Herufi mpeni mchoraji wa vibao anayeandika maduka kwa mkono; tulimpa picha ya zamani, akafuata mkunjo wa kila herufi. Zile za dhahabu tulizozifuta hatukuziandika upya. Mahali pake tumeacha wazi, na kikadi kinaeleza kilichotokea.

Barabarani, na kurudi bandani

Bima ya mtu wa tatu ni lazima hata kwa safari ya kilomita moja. King'ora na taa za dharura zizimwe barabarani; hizo ni za magari yaliyo kazini, na mtu akikupisha bure leo kesho hatampisha anayekwenda kuokoa.

Mwashe gari kila mwezi hadi lipate moto wa kutosha, si dakika mbili. Zungusheni pampu ikiwa na maji. Mkimaliza, fungueni koki ya chini, maji yote yatoke, muiache wazi. Ziba kila mdomo kwa kitambaa chekundu ili nyigu wasirudi, na mfunge kikadi kwenye usukani: KOKI IKO WAZI.